Ist yangu, redio ya kiwandani inabaki: shajara ya mradi wa mziki

Jumamosi 8 Machi

Leo nimeanza rasmi. Gari ni Toyota Ist NCP61, ile ya cc 1500 yenye injini ya 1NZ, hapa Dar kila mtu ana ndugu au jirani anayo. Mziki wake ni uleule ilokuja nao toka Japani, redio ya CD na MD (zile diski ndogo za Kijapani), spika za karatasi milangoni, basi. Ukiweka rumba gitaa la solo unalisikia kama linapigwa nyumba ya pili, na besi ndo hakuna kabisa, unajua ipo kwa vile wimbo umeuzoea, ukisema upandishe volyumu milango inatetemeka na sauti inaanza kukwaruza.

Nimepita Kariakoo kwa mafundi watatu na wote wamenijibu kitu kimoja, "Kaka toa hiyo redio tukupigie Android." Yaani redio ya skrini kubwa. Nimekataa. Kwanza redio za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200 wakati nyingi za madukani ni kama 180, ukiweka lazima pembeni uzibe na vipande vya plastiki na mimi ile mianya kwenye dashibodi inaniuma macho kila siku nikikaa kwenye usukani. Pili gari langu linalala nje, skrini kubwa inayong'aa usiku ni kuita wezi. Tatu, na hii ndo inayonisukuma zaidi, siamini kama redio ndo yenye kosa. Nahisi kosa lipo kwenye spika na kwenye milango yenyewe, na nataka nipime nijue, sio kubahatisha.

Mpango ni huu: redio inabaki, spika za mbele zinabadilishwa, ampu (amplifaya, ya kuongeza nguvu ya sauti) ya chaneli 4 inakaa chini ya siti ya abiria, subwufa (spika ya besi) moja ya inchi 10 kwenye boksi dogo nyuma. Na sharti langu hakuna waya wa gari utakaokatwa, hata mmoja, siku nikitaka kurudisha ilivyokuwa iwe kazi ya kuchomoa na kuchomeka tu.

Jumapili 9 Machi

Siku ya multimita, kile kipima umeme. Redio nimeitoa, nyuma ina soketi ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 yenye spika za nyuma. Bluu yenye njano ni umeme wa moja kwa moja toka betri, kijivu ni ACC (umeme unaokuja ukizungusha ufunguo), kahawia ni hasi. Pinki na zambarau ni spika ya mbele kushoto, kijani mpauko na bluu ni mbele kulia. Sijaziamini rangi peke yake, nimechukua betri ndogo ya saa ya volti 1.5, soketi ikiwa imechomolewa kwenye redio nikawa nagusisha mara moja haraka, koni (ile karatasi ya spika) ikisukumwa kwenda nje ina maana waya uliogusa kichwa cha betri ndo chanya. Fanya hivyo soketi ikiwa nje TU, usije ukapeleka umeme ndani ya redio.

Sasa kuna kitu hapa nataka nikae nacho kidogo maana kinaunguza redio za watu. Fundi mmoja jana aliniambia hasi zote za spika ziunganishwe pamoja zipigwe kwenye bodi (bati la gari), "ndo ethi hiyo." Nimepima: redio ikiwa imewashwa, ncha nyeusi ya multimita kwenye bodi, ncha nyekundu kwenye waya wa spika wa chanya, nimepata kama volti 6. Nikahamia waya wa hasi, volti 6 vilevile. Yaani hasi ya spika sio bodi! Redio za gari za sasa kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka, na zote zinakaa katikati ya umeme wa betri, ndo maana unaona nusu ya 12. Ukiunganisha waya mmojawapo na bodi umepiga shoti moja kwa moja. Redio yenye bahati inajizima, isiyo na bahati inakufa chaneli.

Halafu ile "50W x 4" inayoandikwa kwenye redio nyingi. Piga hesabu mwenyewe, gari likiwa linaunguruma umeme ni volti 14 na kidogo, mpigo safi wa juu kabisa unaotoka hapo ni volti 10 hivi za AC (umeme wa kupanda na kushuka), kumi mara kumi ni mia, gawa kwa omu 4 za ukinzani wa spika unapata wati 25, na hapo ni kwenye karatasi, uhalisia ni chini ya hapo. Hiyo ndo nguvu yote uliyonayo kabla sauti haijaanza kuchafuka.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha kuihukumu redio. Kuna redio za kiwandani zinakata besi kadiri unavyoongeza volyumu ili kulinda spika zao dhaifu, na kama yangu ingekuwa hivyo mpango wote ungebadilika. Nimechoma CD ina mlio wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde, mzito) na mwingine wa 400 Hz (wa juu zaidi), volyumu ya redio inaishia 63, nikapima kwenye 20, 30 na 40. Milio yote miwili inapanda pamoja bila kuachana. Kuanzia 48 volti zinapanda kwa kusuasua, ina maana hapo ndo inaanza kukata vichwa vya mawimbi. Kwa hiyo mpaka 45 redio inatoa sauti safi yenye besi yote. Nimefurahi sana, redio haina hatia.

Jumatano 12 Machi

Manunuzi baada ya kazi. Spika za inchi 6 na nusu zenye twita zake pembeni (vispika vidogo vya sauti za juu), ampu ya wati 50 za kweli kwa kila chaneli yenye njia ya kupokea waya za spika moja kwa moja (hii ni muhimu, bila hiyo ungehitaji kile kiboksi cha kushusha sauti ya spika kuwa ya RCA, zile pini za duara za mziki), soketi za Toyota za pini 10 dume na jike, na butili (mpira laini unaonata) ya kubandika milangoni yenye foili juu.

Kwenye waya wa umeme nimezunguka sana. Zile paketi za waya za mziki wa gari, ukikwangua kwa kisu ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Nimeishia duka la vifaa vya kuchomelea nikanunua mita 5 za waya wa mashine ya welding wa milimita 16 za mraba, nikaukwangua palepale muuzaji akiniangalia, shaba mpaka ndani. Unapinda vizuri na ganda lake ni gumu. Ampu yangu ikivuta ampea 23 waya huo unapoteza volti 0.1 hivi kwa mita 5, hiyo sio kitu.

Jumamosi 15 Machi

Milango. Kadi ya mlango inatoka kwa skrubu chache na klipu, taratibu tu, klipu za akiba nilinunua mapema maana huwa zinakatika.

Spika za zamani zimepigwa riveti. Nimetoboa vichwa vya riveti kwa drili, na chini nimetandaza kitambaa chenye maji kidogo kudaka unga wa chuma, spika mpya zikiwa ziko mbali kabisa sebuleni, maana ule unga ukinasa kwenye sumaku ya spika ukaingia kwenye koili basi unakwaruza maisha. Spika ya zamani mkononi ni nyepesi kama sahani ya karatasi ya sherehe, sumaku yake inaenea kiganjani.

Pete za kushikilia spika mpya nimekata kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama, ule mweupe mnene wa maduka ya vyombo. Wengi wanatumia MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) ila mlangoni maji yanaingia kila mvua ikinyesha na MDF ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai. Plastiki haijali. Kabla ya kukaza nimeshusha kioo mpaka chini kabisa kuhakikisha hakigusi sumaku, pande zote mbili, nafasi iliyobaki ni kama kidole kimoja.

Mchana Dar hii jua la Machi nje huwezi, nimeishia mlango wa kulia tu.

Jumapili 16 Machi

Leo butili. Nieleze kwanini maana watu wengi wanairuka hatua hii wanaona ni urembo. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inasukuma hewa hiyohiyo kinyume. Mlango wa gari una matundu makubwa yaliyozibwa na karatasi laini ya plastiki, kwa hiyo hewa ya nyuma inatoka inakutana na ya mbele na besi inakufa hapohapo. Ukiziba yale matundu mlango wenyewe unageuka kuwa boksi la spika. Nimebandika vipande kwenye bati la nje kwa ndani ili lisitetemeke, kisha nikaziba matundu yote ya bati la ndani, nikisugua kwa kijiko cha mbao mpaka foili ikashika.

Nawaomba sana msitumie ile lami ya kuzibia mapaa. Ni rahisi na inafanana, lakini gari likikaa juani hapa kwetu inayeyuka, jirani yangu aliwekewa hiyo na fundi, kioo chake sasa kikipanda kinatoka na michirizi myeusi na harufu ya barabara mpya haijaisha mwaka mzima.

Twita nimeziweka kwenye pembetatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni. Nikarudisha kila kitu, BILA ampu bado, redio ileile na zile wati zake zilezile chache, nikaweka rumba.

Jamani. Besi gitaa lipo! Nimekaa garini saa nzima mlango umefungwa, mama watoto akaja kugonga kioo akidhani nina tatizo, nikamwambia ingia usikie. Akakaa kimya wimbo mzima halafu akasema "Kumbe kuna mtu anaimba kwa nyuma." Ni ile sauti ya pili ya waitikiaji, miaka yote tulikuwa hatuisikii. Na hapo ampu bado ipo kwenye boksi lake. Kama bajeti yako ni ya kitu kimoja tu, spika na kuziba milango vije kabla ya kitu kingine chochote, ndo nilichokiona kwa masikio yangu.

Jumamosi 22 Machi

Umeme na ampu. Fyuzi ya ampea 40 nimeiweka sentimita 25 toka kwenye betri, sio ndani ya gari, maana fyuzi kazi yake ni kulinda waya, waya ukichubuka ukagusa bati kabla ya fyuzi hakuna cha kuzuia moto. Waya umepita kwenye mpira wa ukuta wa injini, nimeuvalisha ganda la mpira wa mistari, ukashuka upande wa kulia chini ya kapeti. Waya za sauti zimepita upande wa kushoto. Usizilaze pamoja.

Hesabu ya waya za sauti imekaa vizuri ajabu. Spika mbili za mbele, waya nne zinatoka redioni kwenda kwenye ampu, waya nne zinarudi toka kwenye ampu kwenda milangoni. Hizi za kurudi sikuhangaika kuzipitisha kwenye mpira wa mlango, nimezirudisha hadi nyuma ya redio nikaziunganisha na waya za kiwandani kupitia zile soketi dume na jike. Waya za kiwandani ni nyembamba ndio, lakini wati 50 kwenye omu 4 ni ampea 3.5 tu, kwa umbali huo hazina shida. Kwa hiyo soketi ya gari inaingia kwenye soketi yangu, yangu inaingia redioni, hakuna kilichokatwa. Spika za nyuma zimebaki kwenye redio kama zamani.

Kuwasha ampu hakukuhitaji waya wa ziada, zile volti 6 nilizowaambia, ampu ikiziona kwenye waya za spika inajua redio imewaka nayo inajiwasha.

Tatizo: nikiwasha injini kuna mluzi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nimelala nao kichwani.

Jumapili 23 Machi

Mluzi umepatikana. Unaofuata mzunguko wa injini ni wa altaneta (inayochaji betri) na mara nyingi unaingilia kwenye hasi mbovu. Jana hasi ya ampu nilifunga kwenye bolti ya siti kwa kuona iko karibu. Nikaweka multimita kati ya hasi ya ampu na hasi ya betri mziki ukiwa juu, volti 0.4! Bolti ina rangi na gundi ya nyuzi, haishiki bati vizuri. Nimetafuta sehemu ya bati tupu chini ya kapeti, nikasugua msasa mpaka chuma kikang'aa, bolti mpya, washa (pete ya bolti) yenye meno, kisha nikapaka grisi juu ili isishike kutu na hewa hii ya bahari. Kipimo kimeshuka mpaka 0.05 na mluzi umekwisha kabisa. Waya wa hasi una sentimita 40, usiuache mrefu.

Jumanne 1 Aprili

Masika imeanza na imenionesha kosa langu. Asubuhi nimefungua mlango wa kulia nasikia maji yanacheza ndani, chwa chwa, kama ndoo. Wakati wa kubandika butili kipande kimoja nilikishusha mpaka chini kabisa kikaziba vile vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wa mlango. Mlango wa gari unaingiza maji, umetengenezwa hivyo, yanapita pembeni ya kioo yanatokea chini. Nimekata kipande, yakatoka kama lita mbili. Spika imepona, pete ya plastiki imepona, ila kapeti lilipata unyevu kwa hiyo na ampu nimeinyanyua juu ya kipande cha ule ubao wa nyama kilichobaki. Ukimaliza kubandika, mwagia maji kwenye kioo kwa kopo na uangalie chini kama yanatoka. Dakika mbili tu.

Jumamosi 5 Aprili

Boksi la subwufa. MDF ya milimita 18, vipimo vya ndani 35 kwa 25 kwa 24, ni lita 21, ukitoa mwili wa spika inabaki kama 19 na nusu, ndani ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya subwufa yangu kwa boksi lililozibwa. Fundi seremala aliuliza "Bosi tundu la kupumulia linakaa wapi?" nikamwambia hakuna. Lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile ila ni kubwa na mpigo wake unakokota, mimi nataka besi ya dansi na rumba ambayo inapiga na kuacha. Gundi ya mbao, skrubu, silikoni kwenye kila pembe, ikakaushwa siku nzima maana harufu ya silikoni mbichi inaweza kuumiza gundi za spika.

Jumapili 6 Aprili

Chaneli 3 na 4 nimeziunganisha kuwa moja, zinatoa wati 150 kwa subwufa ya omu 4. Halafu kuseti gaini. Ile nobu sio volyumu, ni ya kuilinganisha ampu na redio, ukiizungusha mpaka mwisho unaunguza twita huku ukidhani umepata nguvu.

Nilivyofanya: spika zote zimechomolewa kwenye ampu, krosova zote (vichujio vya kugawa sauti za juu na za chini) zimezimwa, redio kwenye 45, CD ya 50 Hz. Nimechagua 50 kwa sababu multimita za bei ya kawaida zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani ambao ni 50 Hz, ukizipa mlio wa juu nyingi zinadanganya. Wati mara omu, kisha kipeuo cha pili: 50 mara 4 ni 200, kipeuo chake volti 14.1, nikazungusha gaini ya mbele taratibu mpaka 14.1. Subwufa 150 mara 4 ni 600, volti 24.5. Kisha krosova nikarudisha, milango kuanzia 80 Hz kwenda juu, subwufa 80 kushuka chini.

Mara ya kwanza kusikiliza besi ilikuwa inatoka nyuma, unaisikia kabisa ipo buti. Nikageuza waya za subwufa, chanya kwa hasi, na besi ikahamia mbele kwenye dashibodi na ngoma nazo. Jaribuni njia zote mbili, haina gharama. Gaini ya sub nikaishusha tena kidogo chini ya ile ya hesabu, kwa sikio.

Jumamosi 12 Aprili

Kuna swali la simu. Redio hii haina bluetooth, na inasoma FM ya Japani, 76 mpaka 90, kwa hiyo ile expanda ya kwenye antena inayoshusha stesheni zetu nimeiacha ilipo (yangu inashusha 12, stesheni ya 100 unaikuta kwenye 88). Kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti kinachorusha sauti kwa FM nimekijaribu, hapana, sauti za juu kwenye FM zinaishia 15 kHz na kuna mchakacho wa chini muda wote, baada ya kazi yote hii sitaki. Nyuma ya redio kuna soketi ya CD chenja (mashine ya kukaa CD nyingi) ya pini 12, ile ndogo ya 6 na 6, na zipo adapta zinazojifanya ndo CD chenja halafu zinakupa bluetooth na USB. Nimeiweka, redio inaona "chenja" na mimi nacheza simu, wimbo nabadilisha kwa vitufe vilevile vya redio. Kwa nje ni dashibodi ya Ist kama ilivyotoka kiwandani.

Bado kuna vitu viwili. Kibati cha namba nyuma kinalia zzzz kwenye noti za chini, nina kipande cha butili kimebaki kitatosha. Na klipu moja ya mlango wa kulia ilikatika ile siku ya maji. Alhamisi tunaenda Morogoro kwa bibi, mama watoto ameshapanga nyimbo za kwenda na za kurudi.